Karai la Athanase Mtoni Cole

Dhahabu ya Mto Cole niliitia majini mimi mwenyewe, kwa mdomo, siku ya Jumanne, nikiwa nimeshiba. Nasema mapema ili asitokee mtu mbele ya safari akanishtaki kwamba nilificha.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 2009, wakati wa homa ya nguruwe. Birmingham tulipigwa mapema kuliko wengi. Shule hii imefungwa, ile imefungwa, na ukumbi wa wazee wa kwetu Hodge Hill, ambako tulikuwa tunapewa chakula cha mchana mara mbili kwa wiki, ukabandikwa karatasi mlangoni: hakuna kukutana mpaka mtangaziwe. Mimi nguruwe sijamgusa tangu nizaliwe Garissa, na bado homa yake ikanifungia chakula.

Basi tukabaki kwenye benchi la bustani, kando ya mto, mimi na Athanase. Athanase ni Mkongo, nyumba yake na yangu zimetenganishwa na nyumba tatu. Ni mtu wa Kamituga, kule Kivu, ambako alianza kuosha dhahabu kabla hajaota ndevu. Ni mtu wa maneno machache, na mimi mtu wa namna hiyo hunipa kazi, kwa sababu kimya lazima kijazwe na mtu.

Siku hiyo nikakijaza. Nikamweleza kwamba nilifagia karakana ya sonara mmoja Hockley, Bwana Gurbachan, kwa miaka tisa. Hiyo ni kweli. Nikasema mafundi wakinawa mikono, vumbi la dhahabu linaingia kwenye bomba. Hiyo nayo ina ukweli wake. Kisha nikasema vumbi la miaka mia mbili limeteremka na mifereji mpaka Mto Cole, likalala chini ya daraja, na kwamba bata wa pale wakipasuliwa hukutwa na punje za dhahabu kwenye firigisi. Hapo ndipo nilipoacha barabara. Maji ya Hockley hayafiki Cole hata yakipewa nauli.

Athanase hakucheka. Aliangalia mto, pale unapokata kona na kuacha kichanga upande wa ndani.

"Pale mayi inapunguza mwendo," akasema. "Njo inalala pale."

"Nini inalala?"

"L'or. Zahabu."

Kesho yake akaja na karai. Alilinunua Alum Rock, kwenye duka la vyombo, na mwenye duka, akidhani anakwenda kupika balti, ule mchuzi wa Kipakistani, alimfundisha bure namna ya kukaanga vitunguu. Alikuja pia na kipande cha zulia kuukuu cha kunasia mchanga, na kopo la maziwa ya unga. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini katikati ya jiji la Waingereza kama mtu anayeingia jikoni kwake.

Mimi nilikaa kwenye benchi nikimwonea huruma. Nilipanga kumwambia ukweli ikifika saa sita. Saa tano na nusu akaniita. Chini ya karai, kwenye ukingo wa mchanga mweusi, palikuwa na kapunje kadogo kuliko chembe ya sukari, kanang'aa njano hata jua lilipojificha.

Nilivua viatu vyangu pia.

Nikamuuliza atafanyia nini. Akanieleza, macho yakiwa kwenye maji. Mwaka waliokimbia vita, pete ya ndoa ya mkewe Rosine aliiuza mpakani ili mama na watoto wavuke. Rosine aliivua mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuwahi kuitaja. Sasa kanisa lao litabariki ndoa za miaka thelathini, Jumapili ya kwanza ya Agosti. Alitaka siku hiyo amvishe pete yenye dhahabu aliyoiosha yeye.

"Si ununue tu?" nikasema. "Madukani zimejaa."

"Ya duka ni ya duka, muzee. Ile ya kwanza niliosha mimi. Na hii nitaosha mimi. Na Rosine asijue."

Tukapatana. Yeye ataosha, mimi nitasaidia kupepeta, halafu nitampeleka kwa Bwana Gurbachan ambaye ananijua. Dhahabu yote ya pete. Nikakubali pale pale. Kukubali ni rahisi dhahabu ikiwa punje moja.

Lakini wiki zilikwenda na kopo likawa zito. Athanase alikuwa haachi mchanga mweusi pale mtoni. Aliuweka wote kwenye kopo, akisema ataumalizia mwisho, kwa utulivu. Kila jioni alilibeba kopo nyumbani kwake, kila asubuhi analirudisha, na mimi sikuwa najua ndani mna nini. Nilipouliza, alisema, "Iko." Nilipouliza iko kiasi gani, akasema, "Inakuja." Mimi nimeishi Eastleigh, nimeishi Rotterdam, nimeishi hapa, na watu wote walioniambia "inakuja" walikuwa wameshaipata.

Nikaanza kuangalia vitu. Niliona anageuza mgongo anapomimina. Niliona ananituma mbali: kalete jiwe lile, kaangalie kama kuna mtu darajani. Siku moja nilimkuta anakung'uta pindo la suruali yake, taratibu, juu ya kiganja. Nikajiuliza pete ya mwanamke mmoja inataka dhahabu ngapi. Rosine vidole vyake nimeviona. Si vinene.

Halafu ikafika ile Ijumaa ya tarehe ishirini na nne Julai. Maji ya Cole ni ya baridi hata kiangazi, na nilikuwa nimeamka pua zinachuruzika. Nikapiga chafya, nikajipangusa.

"Niko na homa kidogo," nikasema.

Athanase aliacha karai likaelea. Akarudi nyuma hatua tatu, akavuta skafu mpaka puani.

"Homa? Tangu lini?"

"Tangu jana. Si kitu, ni homa tu."

"Njo nasema, ni homa. Rudi nyumbani, muzee. Lala. Usikuye tena hapa."

"Bwana, kwa homa?"

"Usikuye, nakuomba. Na mukono usinipe."

Akalichukua kopo, akalikumbatia kifuani, akasimama majini, upande wa pili wa mto, mpaka nikavaa viatu na kuondoka. Nilipogeuka darajani, bado alikuwa ananiangalia. Na alikuwa hajatoka majini.

Nilitembea nyumbani nikiwa nimeshaelewa kila kitu. Washirika ni wawili tu mtoni, mmoja anapiga chafya, na siku hiyohiyo anafukuzwa. Jumapili ya kanisa imebaki wiki moja na siku mbili. Kopo limejaa. Ingekuwa wewe ungesemaje?

Jumamosi akanipigia simu. Sauti ilikuwa ya upole, na upole wa ghafla mimi huuogopa.

"Muzee, unakohoa?"

"Kidogo."

"Uko na nguvu ya kutembea?"

Anataka kujua kama naweza kufika mtoni. "Sina hata ya kusimama," nikamwambia, nimesimama.

"Pole sana. Sasa niambie, ulizaliwa tarehe gani?"

"Kwa nini?"

"Ju ya kujua tu."

Nikamwambia mosi Januari, 1942. Sisi wa Garissa tulioandikwa na makarani wa kambi za wakimbizi wote tulizaliwa mosi Januari. Mama zetu walijipanga. Akanishukuru. Halafu akataka postikodi yangu, herufi kwa herufi, nikasikia kalamu inaandika. Nilipokata simu nilikaa chini. Tarehe ya kuzaliwa na anwani haviulizwi kwa mapenzi. Dhahabu ya bustani ni ya serikali, mtu yeyote anaweza kukisia hivyo. Ikija kuulizwa nani aliichimba, kwenye karatasi patakuwa na jina langu: Hillow, mosi Januari, nyumba namba kumi na nne.

Jumatatu akaja mwenyewe. Hakuingia. Alisimama nje ya geti, skafu usoni, na mkono mmoja ameuvika mfuko wa plastiki.

"Muzee, niazime ile kadi ya basi. Yenye foto."

"Kadi yangu ya wazee? Wewe una yako, yangu ya nini?"

"Ya kwangu haina foto ya kwako," akasema. "Nitarudisha jioni. Nitupie tu."

Nilimtupia. Si kwa ujinga, nilimtupia kama chambo. Akaiokota kwa ule mkono wenye plastiki, namna polisi wanavyookota kisu, ili alama za vidole zibaki zangu tu, akaiweka mfukoni na kuondoka kwa haraka. Nikahesabu mpaka hamsini nikavaa koti.

Alipanda basi la kwenda mjini, nikapanda lililofuata. Kwa kuwa kadi yangu ilikuwa kwake, nililipa nauli kwa mara ya kwanza tangu nistaafu, na hasira yenyewe hasa ilianzia hapo. Nikakaa ghorofani, kiti cha mbele. Vituo sita baadaye nikamwona kupitia kioo. Kulikuwa na safu ya maduka: la kuku, la dawa, na la tatu limeandikwa kwa herufi za njano kwamba hapa tunanunua dhahabu, taslimu. Mwaka ule yalikuwa yameota kila kona. Mbele yake palikuwa na foleni inayopinda, watu wamejifunika midomo, na Athanase ndani yake ameshika kadi yangu mkononi. Basi halikusimama. Niliteremka kituo cha mbele, nikarudi kwa miguu, magoti yananilaani, nikafika kumwona anatoka na kifuko cheupe. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akakisukumia ndani ya koti, akafunga zipu mpaka shingoni.

Nyumbani nilichukua simu nikapigia halmashauri. Nikasema kuna mtu anachimba ukingo wa mto kwenye bustani, ana karai, anafika saa tatu asubuhi na ni mtu wa kuheshimu saa. Yule dada wa upande wa pili akaniuliza jina langu.

"Jirani mwema," nikamwambia.

Jioni Athanase akagonga mlango. Sikufungua. Nilikaa jikoni bila kuwasha taa, nikasikia anagonga mara ya pili, anaita, "Muzee Hillow," halafu kitu kinasugua mlango, halafu hatua zinaondoka. Nilijua amekuja kunipima kama nimeshaona.

Asubuhi ya Jumanne nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikapita kichochoro, nikajibanza darajani. Saa tatu Athanase akafika, akatandaza zulia, akaweka kopo kwenye jiwe. Hakufikia hata karai la pili. Gari la kijani likaingia kwenye nyasi, akateremka bwana mmoja wa bustani, mnene, mwenye jaketi la kung'aa.

Sasa mjue kwamba Athanase alikuwa ameomba uraia na majibu yalikuwa hayajatoka. Mtu huyu alikuwa akivuka barabara kwenye taa tu, hata pasipokuwa na gari. Alipoliona lile jaketi aliacha karai, akaacha zulia, akaacha kopo, akapanda ukingo kwa mikono na miguu. Mzee wa miaka sitini na moja, aliruka uzio wa waya, suruali ikapasuka kuanzia gotini, akapotea nyuma ya miti. Yule bwana hakumfukuza. Alikusanya vitu kimoja kimoja, akavitupa nyuma ya gari. Kopo lilikuwa la mwisho. Nililisikia likigonga bati.

Nilidhani nitafurahi. Nilirudi nyumbani pole pole, safari hii kwa mlango wa mbele, na kwenye kitasa nikakuta kifuko cheupe.

Ndani kulikuwa na boksi la dawa lenye jina langu na mosi Januari, 1942. Kulikuwa na kadi yangu ya basi, imefungwa kwenye karatasi. Chini, kizingitini, palikuwa na bakuli la plastiki la supu, lenye mfuniko, na juu ya mfuniko ameandika "kuku, halali" na jina la bucha, ili nisiwe na wasiwasi. Karatasi ilisema:

*Muzee Hillow. Kunywa mbili kwa siku, siku tano, usiache. Niliita ile simu mupya ya grippe ya nguruwe, nikawaambia uko na homa na kikohozi na uko peke yako. Walisema rafiki anaweza kukuchukulia dawa na document yako. Usitoke inje. Athanase.*

Lile duka la katikati, la dawa. Foleni ilikuwa ya kwao, imejipinda tu mpaka kwa mnunuzi wa dhahabu.

Nikala ile supu, nimesimama. Ilikuwa imepoa tangu jana. Halafu nikaenda kwake.

Hakufungua. Alipandisha kile kibati cha barua mlangoni, nikaona macho.

"Umetoka ju ya nini? Uko na homa."

"Homa gani, bwana. Ni pua tu. Makamasi."

"Ulisema homa."

"Ndiyo, homa. Kupiga chafya. Kwani nyinyi homa ni nini?"

"Homa ni moto ya mwili," akasema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Mutu anatetemeka, anaongea maneno haieleweke. Ile yako ni grippe ndogo tu. Mafua."

"Sisi Kenya ndiyo tunaita homa."

Kisha macho yakafumba, yakafumbuka.

"Niliacha mto siku moja yote ju ya makamasi," akasema. "Na leo wamekuya. Kopo imeenda, Hillow. Yote. Siwezi kuenda kuiomba, wataandika jina, na jina yangu iko kwa serikali inangojea. Nani aliita wale watu?"

Mdomo wangu haujawahi kukosa la kusema, hata kwa daktari wa meno. Siku hiyo ulinipa neno moja.

"Mimi."

Kibati kilishuka. Hakukibamiza, alikishusha tu.

Dirisha la juu likafunguka, Rosine akachungulia, kitambaa kichwani.

"Mzee Hillow, karibu. Nikuulize kitu. Mume wangu anarudi suruali imelowa tangu mwezi wa sita, na leo imepasuka. Ni mwanamke gani huyo anakaa ndani ya mayi?"

"Hakuna mwanamke, Mama. Ananifundisha kuogelea. Daktari ameniagiza, kwa ajili ya magoti."

"Mu Cole? Mayi inafika hapa," akaonyesha chini ya goti.

"Ndiyo maana magoti."

"Ehe," akasema, akafunga dirisha.

Zilibaki siku tano. Usiniulize nililalaje. Jumatano asubuhi nilikwenda kwenye stoo ya bustani, jengo la matofali lenye mashine za kukatia nyasi, nikamkuta yule bwana mnene anakunywa chai. Vitu vyetu vilikuwa pembeni ya mlango, kopo juu ya karai.

"Hivyo ni vyangu," nikasema.

Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Wewe ndiye uliyeruka ule uzio?"

"Mimi."

"Na hayo magoti?"

"Nilipoona jaketi lako yalipona."

Akatoa fomu. Jina, akaandika. Tarehe ya kuzaliwa, mosi Januari. Anwani, namba kumi na nne. Kila nilichoogopa Athanase asije akakiandika, nilikitamka mwenyewe, herufi kwa herufi, nikamsaidia hata kusahihisha.

"Ulikuwa unafanya nini pale?"

Niliona nimeshachoka na hila. "Nilikuwa naosha dhahabu."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akafuta macho. "Dhahabu. Mto Cole." Akaligonga karai kwa kalamu. "Mzee, hili ni la kupikia balti. Mke wangu analo kama hili. Mlikuwa mnapika." Akaandika: kupika kwenye bustani bila kibali. "Zulia la kukalia." Akaandika. Akafungua kopo, akaona ule mchanga mweusi, laini, umekauka juu. "Na haya ni majivu ya mkaa wenu." Akaandika majivu.

"Weka sahihi hapa, ni onyo tu. Karai chukua. Majivu nayatupa, siwezi kukuacha ukayamwage tena mtoni."

Na akanyanyua kopo, akakanyaga pedali ya pipa la taka, mfuniko ukafunguka.

"Hapana," nikasema. "Hayo ni ya shemeji yangu."

"Shemeji yako atayafanyia nini?"

"Hayafanyii kitu. Ni yeye."

Mkono wake ulisimama hewani. Mungu anisamehe, sisi wafu wetu tunazika, hatuchomi, na shemeji yangu yuko Mombasa anauza matairi, mzima, ana deni la watu wawili. Lakini sura yangu ilikuwa na huzuni ya kweli tangu jana, sikuhitaji kuitafuta.

"Alipenda mto," nikaongeza.

Mfuniko wa pipa ukashuka. Yule bwana akafunga kopo kwa uangalifu, akalipangusa vumbi kwa mkono wa jaketi, akanipa kwa mikono miwili. "Pole sana," akasema. "Ni hii homa?"

"Homa," nikamjibu. Akanisindikiza mpaka getini, karai amenibebea yeye.

Athanase alinifungulia mlango wa nyuma. Rosine alikuwa mazoezini na kwaya. Alilipokea kopo, hakusema asante, akalipima mkononi, juu, chini, juu.

"Imekuwa nyepesi."

"Imekauka."

"Tangu jana?"

"Athanase, nimesaini kwa serikali kwamba nilipika bustanini. Nimemchoma shemeji yangu. Lipime upendavyo."

Akalipima tena. Halafu akajaza beseni maji, akaketi kwenye ngazi, akaanza kuosha hapo hapo, mbele yangu, na safari hii hakugeuza mgongo. Alizungusha karai taratibu, mchanga mweusi ukatoka kama moshi, na chini pakabaki mstari mwembamba wa njano, usiozidi kope ya jicho. Hiyo ndiyo ilikuwa miezi miwili yetu. Nikaelewa kwa nini alikuwa akinijibu "iko" na "inakuja." Aliona aibu.

Hakuniambia amenisamehe. Aliniambia, "Keti," na kwa kuwa hapakuwa na kiti, nikaketi kwenye ndoo.

Alhamisi tukaenda Hockley. Bwana Gurbachan alivaa miwani yake, akaitia dhahabu kwenye mizani ndogo, akasema kwa pete nzima haitoshi hata robo. Angefanya pete ya fedha, na juu yake angeyeyushia dhahabu yote iwe tone moja. Athanase akafikiri, akakubali kwa kichwa. Bwana Gurbachan akawasha moto. Mimi nilisimama upande wake wa kulia, Athanase wa kushoto, na hakuna aliyepepesa macho. Kila alipogeuka kuchukua kifaa, tuligeuka naye.

"Mnataka niifanye nikiwa nimefungwa kamba?" akauliza.

"Endelea tu na kazi, bwana," nikamwambia.

Jumapili sikuingia kanisani. Nilikaa kwenye ukuta wa nje kwenye jua, na kupitia mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya hewa, niliona watu wanasalimiana kwa viwiko badala ya mikono, niliona Athanase anatoa pete, niliona Rosine anaitazama kwa muda mrefu kabla hajatoa kidole. Hapo kwaya ilikuwa kelele tupu, sikusikia alisema nini.

Baadaye, uani, alinijia na sahani ya wali, Athanase akiwa nyuma yake kwenye suti. Pete ilikuwa kidoleni, tone la njano juu ya fedha, kama punje ya mtama. Alikuwa amelia, ilionekana, lakini alikuwa ameshamaliza.

"Magoti yako yanaendeleaje, Mzee Hillow?"

"Yanaogelea, Mama."

"Mchanga mweusi iko ndani ya mashine yangu ya kufulia tangu mwezi wa sita," akasema. "Munafikiri pale Kamituga mimi sikutwanga mawe? Nilikuwa nangojea tu nione mutasema uongo mpaka wapi." Akanyoosha mkono mbele, akaigeuza pete ishike jua, akaigeuza tena. Akamwangalia mumewe, kisha mimi, kisha mumewe.

"Ni muzuri. Sitaitoa," akasema. "Lakini miezi miwili, wanaume wawili, kila siku. Ingine iko wapi?"

Athanase akanitazama mimi. Nami nikamtazama yeye, kwa sababu, kusema kweli, swali hilo hata mimi nilikuwa bado ninalo.